Jeraha la Moto Lisilouma Ndilo la Kukimbiza Hospitali

Kwenye benchi la hospitali moja hapa Kisumu palikuwa na wagonjwa wawili wa moto, na foleni nzima ilishaamua nani atangulie kwa daktari. Nilikuwa nimemsindikiza jirani yangu wa Manyatta, mama kijana aliyempakata mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alivuta kitambaa cha meza, kikombe cha chai ya maziwa kikammwagikia begani na kifuani. Alilia nyumbani, akalia ndani ya tuktuk, akalia pale benchini mpaka sauti ikamkauka. Kando yetu aliketi mzee, mkono wa kulia umefungwa leso, ametulia kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa tu. Akatuambia tupite mbele yake. "Hili langu haliumi, mwanangu. Mshughulikieni mtoto."

Sista alianza na mtoto kweli. Akampa dawa ya maumivu, akaosha jeraha, akalifunika. Kisha akaifungua leso ya mzee. Kiganja na vidole vitatu vilikuwa vikavu, pembeni vyeupe kama nta, katikati kahawia kama ngozi ya ngoma, na ukavu huo ulizunguka vidole mpaka nyuma. Pete ilikuwa imezama. Akagusisha ncha ya sindano taratibu. "Mzee, unasikia hapa?" "Sisikii kitu, binti yangu." "Na hapa?" "Hapo pia, kimya." Alipofika kwenye kifundo cha mkono ndipo mzee akashtuka. Sista akaishika ncha ya kidole, ikawa ya baridi. Hapohapo akamwinua mzee na kumwingiza ndani. Watu wakanung'unika: mtoto analia, anaachwaje?

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, na miaka ya mwanzo ya kazi hii hata mimi ningenung'unika nao. Tumezoea kupima ugonjwa kwa kilio. Kwa moto, kipimo hicho hudanganya, na nimeona watu wakipoteza vidole kwa kukiamini.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka la juu kabisa ni jembamba kama karatasi ya daftari na halina mishipa ya damu. Chini yake kuna tabaka nene lenye damu, neva za kusikia maumivu, mizizi ya nywele na tezi za jasho. Chini zaidi ni mafuta, kisha misuli na mfupa. Swali la kwanza la daktari ni moja: moto umeua mpaka wapi?

Ukiishia tabaka la juu, ngozi inauma na kuwasha lakini haitoi malengelenge, na baada ya siku tano au sita inaambuka na kupona. Hilo ndilo daraja la kwanza. Ukigusa juujuu ya tabaka la pili, malengelenge huja. Lengelenge likipasuka, chini yake pana rangi ya waridi, pamelowa, na hata upepo ukipita mgonjwa anaruka. Ukipabonyeza panakuwa peupe, ukiachia damu inarudi mara moja. Hapo palikuwa pa yule mtoto, na kilio chake kilikuwa habari njema kuliko tulivyojua, maana neva zilikuwa hai, mishipa hai, mizizi ya nywele hai. Ngozi mpya huchipuka kutoka kwenye mizizi hiyo kama majani yanavyochipua malishoni baada ya kuchomwa, na kwa kawaida jeraha hujifunga ndani ya wiki mbili, au tatu likichelewa.

Moto ukizama zaidi ndani ya tabaka hilohilo la pili, sura inabadilika. Panakuwa na madoa mekundu na meupe, ukibonyeza damu inajikokota au hairudi kabisa, na maumivu yanapungua. Yote mawili huitwa daraja la pili, na hapa watu wengi hupotea, kwa kuwa la juujuu na la ndani ni majeraha mawili yasiyofanana hata kidogo. La juujuu linapona lenyewe. La ndani linachukua zaidi ya wiki tatu, linaacha kovu nene, na mara nyingi linahitaji upasuaji.

Daraja la tatu ni tabaka lote kufa. Neva zimeungua, basi hakuna wa kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Mgonjwa huumia pembezoni tu, mahali ambapo moto ulipungua. Mizizi ya nywele nayo imekwisha, kwa hiyo ngozi mpya haina mahali pa kuchipukia isipokuwa kutambaa polepole kutoka kandokando. Ndiyo sababu jeraha la namna hiyo, likizidi ukubwa wa sarafu, hupandikizwa ngozi. Likifika kwenye misuli, kano au mfupa, wengine huliita daraja la nne.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi havitwambii sisi. Picha zake ni za ngozi nyeupe, na maelezo yake ni "wekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi daraja la kwanza halionekani jekundu. Ngozi inang'aa, inavimba kidogo, labda inakolea weusi, na inauma ikiguswa. Lengelenge linapochubuka na pakatokea waridi, jamaa hupiga mayowe kwamba mtoto "amekuwa mzungu", kumbe ile waridi yenye unyevu ndiyo rangi ya tabaka lililo hai la kila binadamu. Cha kuogopa ni weupe mkavu usiobadilika ukiubonyeza, au kahawia iliyokakamaa ambayo kwa mbali unaweza kuidhania ngozi ya kawaida. Mzee wetu, kwa mwanga wa taa usiku, aliuona mkono wake kuwa mzima.

Aliungua vipi? Ana kifafa. Alianguka kando ya jiko, mkono ukalala juu ya makaa, na hakuna aliyekuwa karibu kuuondoa. Hapa kuna kanuni ambayo kila mpishi anapaswa kuijua: kina cha jeraha hutegemea joto na muda kwa pamoja. Watafiti Moritz na Henriques walipima jambo hili Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1947. Kitu chenye joto la nyuzi 44 huhitaji kama saa sita kuiharibu ngozi, lakini kwenye nyuzi 60 sekunde tano hivi zinatosha kuunguza ngozi ya mtu mzima mpaka chini. Ya mtoto ni nyembamba, haingoji hata hizo. Mahali pa juu maji huchemka kwa joto pungufu: Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Kisumu, penye mita 1,130 hivi, huchemka kwenye 96. Wapo wanaodhani hiyo ni afadhali. Hapana, ukikumbuka zile 60. Chai iliyokaa kikombeni dakika chache, unayoinywa kwa kuipuliza, bado inaweza kumbabua mtoto.

Uji ni mbaya kuliko chai kwa sababu unaganda mwilini na kuendelea kuunguza. Mafuta yanazidi vyote. Kule Obunga, kina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, husimama siku nzima mbele ya karai la mafuta yanayokaribia nyuzi 180. Tone moja tu linaacha alama. Karai likipinduka, mara nyingi ni daraja la pili la ndani au la tatu, hata kama mafuta yamegusa mwili kwa kitambo kidogo tu.

Jambo jingine linalotatiza ni kwamba jeraha la leo jioni silo jeraha la kesho kutwa. Mwaka 1953 daktari mpasuaji Mwingereza, Douglas Jackson, aliligawa eneo la kuungua sehemu tatu: katikati pamekufa, nje kabisa pamevimba lakini patapona, na katikati ya hizo mbili kuna ukanda ambao damu yake inasuasua. Ukanda huo uko njia panda. Mgonjwa akikosa maji mwilini, jeraha likiingia uchafu, au likifungwa kwa kubana mno, ukanda huo nao hufa ndani ya siku mbili au tatu. Ndivyo jeraha la juujuu linavyogeuka la ndani bila moto mwingine kuwaka. Kwa hiyo daktari akikwambia rudi baada ya siku mbili nilitazame upya, hakusumbui wala hakutafuti pesa za nauli. Siku ya kwanza, hata macho ya bingwa hukosea kina.

Sasa upana. Kipimo cha haraka ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni karibu asilimia 1 ya mwili wake. Narudia: cha mgonjwa. Nimeona mama akipima kwa kiganja chake yeye na kutangaza kwamba mwanawe ameungua asilimia 3, na ukihesabu kwa viganja vya mtoto unapata 9, kama ilivyokuwa kwa mtoto wetu. Kwa watu wazima kuna kanuni ya tisa iliyoenezwa na daktari Wallace mwaka 1951: kichwa 9, kila mkono 9, kifua na tumbo 18, mgongo na makalio 18, kila mguu 18, na sehemu za siri 1. Kwa mtoto mdogo hesabu hiyo inapotosha kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake. Kwa wa mwaka mmoja, kichwa na shingo hukaribia 18 na kila mguu hushuka mpaka 14 hivi. Daraja la kwanza halihesabiwi.

Asilimia hizi si za kujaza fomu tu. Mwili ulioungua sehemu kubwa huvuja kwa ndani: mishipa midogo hupoteza uwezo wa kushika maji ya damu, yakatoka na kujaa kwenye nyama. Mgonjwa anavimba huku damu yake inapungua, figo zinakosa maji, na kifo huja ndani ya siku moja au mbili hata kama jeraha lenyewe halijaoza. Kwa mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10, na mtu mzima zaidi ya 15 au 20, dripu ni ya lazima. Kanuni ya Charles Baxter wa hospitali ya Parkland, Dallas, ya mwaka 1968, bado ndiyo inayofundishwa sana: mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia aliyoungua. Mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 15 anapata mililita 720 kwa saa 24, mbali na maji yake ya kila siku. Mtu mzima wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 anahitaji lita 11 na ushee. Madaktari wengi siku hizi huanza na kiasi pungufu na kuongeza wakiutazama mkojo, ambao ndio shahidi wa kweli: mtu mzima nusu mililita kwa kila kilo kila saa, mtoto mililita moja.

Nusu ya dripu hiyo huenda katika saa nane za kwanza, na saa nane hizo huhesabiwa tangu mtu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Ukitumia saa nne kutafuta boda na kuuliza shemeji kama ana gari, muuguzi amebaki na saa nne za kazi ya nane. Ndiyo maana nawaambia watu: chochote mtakachosahau, msisahau saa. Iandike hata mkononi mwako kwa kalamu.

Turudi kwa mzee. Jeraha lake halikufika asilimia 1, la mtoto lilikuwa 9, na bado yeye alitangulia. Mahali jeraha lilipo hupindua hesabu yote. Uso, mikono, nyayo, sehemu za siri na viungo vinavyokunjika ni maeneo ya hospitali hata pakiungua padogo, kwa sababu kovu la hapo huiba kazi: kope isiyofunga, kidole kisichonyooka, shingo iliyoinamia kifua. Tena ngozi iliyokufa haitanuki. Ikizunguka kidole, mkono au kifua kama pingu, huku nyama ya ndani inavimba, damu inazuiwa na ncha inapoa. Daktari hulazimika kuichana ngozi hiyo ili damu ipite, na pete hukatwa. Angekaa hadi kesho yake, tungekuwa tunazungumzia kukata vidole.

Moshi nao unaua kuliko mwali. Mtu aliyetolewa kwenye chumba kilichowaka, uso umebabuka, nywele za pua zimeungua, makohozi yana masizi na sauti imekwaruza, anaweza kuwa anaongea vizuri saa hii na koo likavimba likaziba baada ya saa chache. Huyo haachwi nyumbani apumzike. Kuna moto unaoleta kila kitu kwa pamoja, kina, upana na moshi, na eneo letu linaufahamu kwa uchungu. Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na zaidi ya 110 wakafa. Julai 2021 yakatokea tena Malanga, Gem, Kaunti ya Siaya, watu zaidi ya 10 wakateketea. Mvuke wa petroli huwaka kabla hujaona kinachowaka, na nguo zilizolowa huendelea kuchoma baada ya mtu kukimbia. Hata hospitali iliyojiandaa vizuri huzidiwa na wagonjwa kama hao wakija kwa mkupuo, kila mmoja akihitaji lita zake kumi na zaidi.

Kwa stima, usiamini unachokiona. Alama inaweza kuwa ndogo kama punje ya harage mahali umeme ulipoingia na nyingine ulipotokea, na kati yake misuli imepikwa. Mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola, figo ziko hatarini. Moyo pia hupimwa. Asidi ya betri na dawa kali za kuzibulia mabomba huendelea kula mpaka zioshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu, zaidi ya unavyooshea moto wa kawaida.

Na huo wa kawaida unaoshwaje? Maji ya baridi ya kiasi, yasiyo ya barafu, yanayotiririka, dakika 20 kamili. Yanasaidia maadamu saa tatu hazijaisha tangu kuungua, kwa hiyo usiseme nimechelewa. Kwenye ploti isiyo na mfereji, mtungi wa lita 20 unatosha sawasawa: lita moja kwa dakika, kikombe baada ya kikombe, bila haraka. Vua pete, bangili na nguo isiyogandamana na ngozi. Mtoto mdogo mpoze jeraha tu na umfunike sehemu nyingine, maana hupoteza joto upesi. Kisha funika kwa kitambaa safi, au nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza.

Nyanya ya yule mtoto alikuwa amefika na bakuli la unga kabla yangu. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikamwambia, "Asante, dani, hebu tumpoze na maji kwanza," na unga ukabaki kwenye bakuli. Sijawahi kuona faida ya kumgombeza mtu aliyekuja kusaidia. Ila unga, mayai mabichi, dawa ya meno, mafuta ya kupikia na manyoya ya sungura vyote vina kosa moja mbali na uchafu: vinaficha kina. Sista hawezi kubonyeza na kuona damu inarudi chini ya ute wa yai. Itabidi akwangue, na anayekwanguliwa ni mtoto.

Wiki tatu ndizo mpaka. Jeraha lisilojifunga kufikia hapo litaacha kovu nene, na kovu juu ya kiungo hujikunja kwa miezi, hata baada ya bandeji kutolewa na watu kuacha kuja kuuliza hali. Mazoezi ya kunyoosha yanaanza mapema, wakati bado yanauma, na mkono hulazwa ukiwa umenyooka hata kama mgonjwa anapendelea kuukunja. Sindano ya pepopunda isisahaulike.

Mtoto wa jirani alifunga jeraha siku ya 16. Begani amebaki na baka lisilokolea, na rangi inarudi pole pole. Mzee alipandikizwa ngozi iliyochunwa pajani mwake, nikaenda kumtazama wodini siku ya nne. Nilidhani atalalamikia mkono. Akainua shuka kidogo akanionyesha bandeji ya paja, akasema mkono hausemi kitu, ila hapa usiku kucha hajalala. Hapo pajani walichukua ngozi ya juujuu tu, mizizi ikabaki, na sista alikuwa amemwambia patapona pindi wiki mbili zikipita.